Ini la Lugembe

Kanyenye, Tabora
9 Oktoba 1974

Mdogo wangu Mwanne,

Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia barazani mpaka uani. Wifi yako Tatu mzima. Watoto wazima, Omari amefukuzwa shule siku mbili kwa kumpiga mwenzake, kwa hiyo damu ya ukoo ipo. Binamu yetu Shomari bado anakula kwangu kila siku na bado analalamika kwamba nyama yangu ngumu. Mama kule Tura amehamishwa, kama walivyohamishwa watu wote wa mashambani, maana sasa amri ni kukaa pamoja vijijini. Salamu zake utazipata wakati mwingine.

Sasa langu. Ramadhani inakwisha wiki ijayo na sijafunga hata siku moja. Pale sokoni wanasema muuza nyama kashindwa kuvumilia harufu ya bidhaa yake. Waache waseme. Tangu mwezi wa saba naumwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Mwanzo nilidhani nimejigonga kwenye gogo la kukatia. Kisha nikaanza kukonda. Suruali yangu ya Idi sasa inashikwa na kamba.

Daktari wa hapa alinibonyeza tumbo. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nina bucha. Akasema, "Basi ini unalijua. Lako lina uvimbe mgumu." Wakanipeleka Dar es Salaam, wakanidunga sindano nene mpaka ndani, wakanyofoa kipande, wakakitazama kwenye darubini yao. Wakasema ni saratani. Dawa hakuna, rudi nyumbani ukapumzike. Nilitamani kumkaba yule mtu aliyeniambia nipumzike.

Mwanne, nimeuza maini miaka ishirini na mbili. Nimeona ya minyoo, ya majipu, ya manjano. Bwana afya akiyakuta anayamwagia dawa na kuyafukia, nami siku zote nagombana naye. Sijawahi kufikiri kwamba iko siku mtu atanitazama mimi kwa macho yale.

Wewe uko huko kwenye hospitali ya Wazungu wenye kila kitu. Waulize. Usiwaulize kwa adabu, wang'ang'anie. Sitaki kufa mwaka huu. Nina kazi moja sijaimaliza, na kazi yenyewe haifanywi na maiti.

Ndimi kaka yako,
Mfaume


Uingereza
2 Novemba 1974

Kaka Mfaume, shikamoo.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeshaingia, asubuhi naenda kazini gizani na jioni narudi gizani. Mtihani wangu wa mwisho wa uuguzi ni mwezi wa nne. Msalimie sana wifi, umwambie kanga alizonipa ndizo shuka zangu.

Barua yako niliisomea chooni, kwa sababu hapo ndipo pekee muuguzi anaweza kulia bila kuulizwa. Kisha nikanawa uso, nikaenda kumng'ang'ania daktari kama ulivyoniagiza.

Kaka, kaa chini usome polepole. Katika hospitali hii kuna daktari mkuu anayetoa ini lililoharibika na kuweka jingine. Ini zima, la mtu mwingine. Mimi nimeona. Mwezi wa nane aliletwa dereva wa treni, umri wake miaka hamsini na miwili, na ugonjwa wake ndio huo wako. Kazi yangu ilikuwa kupima vitambaa vilivyolowa damu ili wajue imemwagika kiasi gani. Walimpasua kutoka ubavu huu mpaka ubavu ule, wakamshika wazi kwa vyuma. Walimwongezea chupa ishirini na sita za damu, nyingine ikichuruzika sakafuni tukawa tunateleza. Wewe umechinja maisha yako yote, lakini pale ungetoka nje.

Ini jipya lilitoka kwa kijana aliyerushwa na pikipiki. Kichwa kilipasuka, tumboni hana hata mchubuko. Mama yake ndiye aliyekubali, pale pale kwenye korido, huku ameshika kiatu kimoja cha mwanawe. Lililetwa ndani ya barafu, rangi ya kijivu. Walipounganisha mishipa na kuachia damu, likawa jekundu mbele ya macho yetu. Dada mkuu wa chumba cha upasuaji, ambaye hajawahi kucheka, alicheka kwa sauti.

Siku ya ishirini dereva alitembea mpaka dirishani akaomba chai.

Nimemweleza daktari mkuu habari zako. Anataka majibu yote ya Dar es Salaam. Ameniuliza kwetu tunakula nini. Nilipotaja karanga akauliza tunaziweka wapi, maana kuna wanaoshuku kwamba ukungu wake ndio unaoleta ugonjwa huu. Amesema nisikuahidi kitu. Mimi nakuahidi.

Jambo moja. Mbona mama hakunitukana? Kila barua huanza kwa mama kusema naozea Ulaya bila mume. Mwambie aseme, nawe uandike neno kwa neno. Na hiyo kazi usiyoimaliza ni kazi gani?

Mdogo wako,
Mwanne


Kanyenye
28 Novemba 1974

Mwanne,

Marahaba. Barua imefika na mvua ya kwanza. Sisi tupo. Majibu ya Dar es Salaam nimeyatia humu humu.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale buchani, mbele ya foleni nzima. Huo ulikuwa upumbavu. Wewe unajua hospitali yetu: mgonjwa akitaka damu anaambiwa alete ndugu. Tatu alipojifungua Omari nilileta watu watatu wakatobolewa. Sasa Kanyenye nzima imekata shauri kwamba na ini ni hivyo hivyo, ndugu ndio waleteo. Shangazi zako nikipita wanafunika ubavu kwa kanga. Nikimtazama mtu tumboni anaaga. Shomari hajaja kula siku tisa. Nasikia yuko Ulyankulu anawauzia chumvi wakimbizi wa Burundi, na ameapa harudi mpaka nipone au nizikwe. Miaka kumi nimemlisha maini, na leo nikitaka moja tu la kwake ananikimbia. Nilicheka mpaka kichomi kikanikata.

Yule dereva wa treni yu hali gani? Ameshapanda treni yake?

Sasa mama. Nilitaka umalize mtihani kwanza, lakini umeuliza, na mimi kuandika salamu za uongo kumenishinda.

Mama amekufa, Mwanne. Alikufa tarehe tano mwezi wa tisa. Mgambo walifika na lori wakawaambia watu wa mashambani watoke, wakapande, kijiji kipya kinawangoja kusini ya reli. Mama akasema hatoki, kaburi la baba liko uani, nani atalipalilia. Kiongozi wao ni Lugembe, mtoto wa pale pale, aliyekuwa akija kwetu kula karanga za kuchemsha. Akasema nyumba zitiwe moto ili watu wasirudi nyuma. Wakaanza na paa la mama. Alitoka. Kisha akarudi ndani kuchukua msahafu wa baba, na paa likashuka.

Nilifika kesho yake kwa treni. Nilimnyanyua mwenyewe. Sikuandikii nilichokishika. Polisi waliandika ajali. Lugembe alikuwepo mazikoni, Mwanne. Alisimama nyuma na koti lake la mgambo, akachota udongo akatia kaburini. Sikuwa na kisu siku ile, nami nimejilaumu kila siku tangu hapo.

Hiyo ndiyo kazi yangu.

Sasa wazee wa upande wake wameleta ujumbe kwamba wanataka kunilipa fidia ya ng'ombe, yaishe. Ng'ombe mimi nawachinja kila alfajiri, wa nini kwangu? Wewe umenifundisha kwamba ini la mtu linaweza kukaa ndani ya mtu mwingine. Basi nitadai ini. Ndugu zangu wanakimbia, nami nitamchukua anayedaiwa. Niandikie upesi: lazima awe amekufa, au naweza kuja naye mzima?

Mfaume


Uingereza
20 Desemba 1974

Kaka, shikamoo. Sina salamu nyingine.

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta. Niliposoma habari za mama niliupiga ngumi ukuta wa chumba changu mpaka mfupa wa kidole ukavunjika, na niliendelea kupiga. Wenzangu wawili walinibana chini. Mmoja wao nilimng'ata.

Miezi mitatu unaniacha namsalimia maiti! Nimekuwa nikipita madukani namtafutia mama kitambaa cha kichwa, wewe unajua, umenyamaza. Nimekukasirikia, kaka. Nikikuona nitakupiga kwanza, ndipo nikuuguze.

Sasa nisikilize. Ini haliletwi na ndugu. Haliletwi na mtu yeyote. Linatoka kwa mtu ambaye anakufa hapa hapa hospitalini, damu yake ikipatana na yako, na wazazi wake wakikubali. Likitolewa, saa chache tu limeoza. Hakuna anayeuawa. Hakuna anayeletwa mzima. Nakuandikia mambo haya na siamini kwamba ni lazima nikuandikie.

Usidai hilo jambo mbele ya watu. Usiende. Mimi pia nikifumba macho namwona Lugembe, namwona anaungua yeye, na ninafurahi, Mungu anisamehe. Lakini wewe una njia ya kuishi na yeye atakuzibia.

Daktari mkuu amepokea majibu yako. Anakubali uje mwezi wa tatu akupime mwenyewe. Habari ya safari niachie mimi.

Umeuliza kuhusu dereva wa treni. Hayupo tena wodini kwetu. Kitanda chake sasa kina mtu mwingine.

Njoo, kaka. Nakuomba uje.

Mwanne


Kanyenye
11 Januari 1975

Mwanne,

Barua yako haijafika. Labda Krismasi ya Wazungu imeikalia. Tatu anakusalimu, hasemi mengi siku hizi. Idi Kubwa nilichinja ng'ombe mmoja tu, na huyo nilisaidiwa kumlaza. Macho yangu yamekuwa manjano na tumbo limejaa maji. Buchani wananiita "mama mjamzito". Nawajibu mtoto nitampa jina la Shomari.

Alhamisi nilipanda treni nikaenda kwenye baraza la wazee. Kile kijiji kipya ukikiona utalia. Nyumba zimepangwa mstari, nusu hazina paa, mvua inawanyea watoto wa watu ndani ya kuta. Wazee walikaa chini ya bati la ghala. "Mwangaluka," wakaniambia, nami nikaitikia, tukaulizana habari za ng'ombe na mvua kama watu wasio na neno. Kisha wakasema: ng'ombe watano na samahani.

Nikasimama kwa kushika nguzo. Nikasema, "Wazee wangu, mama yangu hakuwa na mkia. Mimi naumwa ini. Dada yangu yuko Ulaya, wataalamu wa huko wanaweza kunitia jingine. Lugembe ameniua mama, basi anipe ini lake, tutakuwa tumemalizana."

Kisha mmoja akaanza kucheka, na baraza zima likacheka. Balozi wa nyumba kumi alicheka mpaka akavua kofia.

Lugembe alikuwa amekaa pembeni kwenye kinu kilichopinduliwa, koti lake la mgambo limempwaya. Naye akacheka, tena kuliko wote. Akasema, "Njoo ulichukue, Mfaume. Utakuwa umenisaidia."

"Umesema mbele ya watu," nikamwambia.

"Nimesema. Nirudie?"

Mzee mkubwa akafunga baraza, akasema tukutane tena Alhamisi ijayo, tarehe kumi na sita, vichwa vikiwa vimepoa. Kichwa changu kimepoa sana, Mwanne. Hakijawahi kupoa hivi. Kanichekea mama yangu.

Nimekinoa kisu. Tatu kaniuliza nanoa cha nini, nami sina nguvu ya kuchinja hata kuku. Nikamwambia kuku hachinjwi kwa nguvu. Akatoka nje, amekaa uani mpaka sasa na hajafunika kichwa.

Kama una la kunikataza, muda ulikuwa nao.

Mfaume


[Simu ya maandishi]
3 Februari 1975
MFAUME BUCHA KANYENYE TABORA
USIENDE TURA. NILIKUDANGANYA. DEREVA WA TRENI AMEKUFA. BARUA INAKUJA. MWANNE


Uingereza
4 Februari 1975

Kaka, shikamoo.

Barua yako ya Januari nimeipata jana. Tarehe kumi na sita imeshapita na mimi sijui umefanya nini. Naandika kama mtu anayeita watu nyumba ikiwa imekwisha kuungua, lakini naandika.

Dereva wa treni alikufa tarehe kumi na nane Desemba. Nilipokuandikia kwamba hayupo wodini nilikuwa najua. Ile saratani ilirudi, Mfaume. Iliingia katika ini jipya lile lile nililoliona likiwa jekundu, ikapanda mapafuni. Dawa wanazompa mgonjwa ili mwili usilifukuze ini la mgeni, ndizo zinazoufungulia ugonjwa mlango. Jioni yake ya mwisho alitapika damu. Nilishika beseni, likajaa, nikashika jingine. Alinishika mkono huu wenye plasta na alinibana mpaka nikapiga kelele, naye alidhani ninamlilia. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia akisikia kila kitu.

Nikaenda nikafungua daftari la wodi. Wenye ugonjwa kama wako waliowekewa ini hapa ni sita. Aliyeishi kuliko wote aliishi miezi kumi na mmoja. Wenye magonjwa mengine ya ini wapo wanaoendelea vizuri, na daktari mkuu anasema iko siku na ninyi mtapona, wakishajua nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Siku hiyo si leo. Yeye aliniambia nisiahidi. Mimi nikaahidi.

Unataka kujua kwa nini? Nilitaka uje ufie mikononi mwangu. Mama amekufa mimi sipo. Baba alipokufa nilikuwa bweni. Nilikutaka wewe tu, hata kama ni wa wiki mbili, hata kama umeshonwa tumbo zima. Nilikutumia matumaini ili upande ndege. Wewe ukayachukua ukaenda nayo kwa Lugembe.

Kama hujamgusa, achana naye. Kama umemgusa, nusu ya mkono ule ni wangu.

Mwanne


Tabora
20 Machi 1975

Mdogo wangu Mwanne,

Nakusalimu kutoka wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho. Mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye kitanda, wa kulia wameniachia kwa ajili ya uji na barua. Askari wangu anaitwa Raymundi, ndiye aliyeniazima kalamu. Tatu huja kila siku. Shomari amerudi, na analia kuliko wanawake. Barua zako zote mbili na simu ya maandishi nilizipata mahabusu, kwa siku moja.

Nilikwenda. Tarehe kumi na sita, kwa treni ya asubuhi, kisu ndani ya kanzu. Wazee walikuwa hawajakaa vizuri. Nilimwendea Lugembe moja kwa moja nikamwambia, "Nimekuja kuchukua." Hakukimbia. Alinitazama tumbo, akanitazama macho yalivyo manjano, kisha akafungua vifungo vya koti mwenyewe, kimoja kimoja. Nilidhani bado ananidhihaki. Nikamchoma upande wa kulia chini ya mbavu, pale ninapoumwa mimi, nikazungusha. Mkono huu unaijua njia. Akaketi chini taratibu. Akasema, "Hapo hapo." Damu yake ilinijaa kwenye viatu.

Watu walinipiga kwa michi na magongo. Wamenivunja mbavu mbili na meno ya mbele. Kama polisi wa stesheni wasingefika, usingeandikiwa barua hii.

Wiki iliyopita walinibeba kwa machela mpaka mahakamani. Shahidi alikuwa daktari yule yule aliyenibonyeza mwaka jana, maana ndiye aliyeupasua mwili. Alisema kisu kilipita ndani ya ini. Akasema ini lenyewe lilikuwa limejaa uvimbe, mkubwa kuliko ngumi, saratani. Hakimu akamuuliza marehemu angeishi muda gani. Akasema wiki tano, labda sita. Akasema pia kwamba marehemu alijua. Daktari mwenyewe ndiye aliyemwambia, kabla ya Krismasi, na marehemu akamwomba asimwambie mtu.

Mwanne, alijua. Siku ile anacheka kuliko wote, alijua anachokicheka. Mimi nilisimama mbele ya wazee nikamdai mtu mgonjwa ugonjwa wake. Kama ningekaa kitandani kwangu na kumlaani tu, mwezi wa pili wangeniletea habari za msiba wake, ningechinja ng'ombe nikagawa bure. Badala yake nimemfupishia. Nilitaka aumie, kumbe nimempunguzia. Nimelala na neno hilo siku saba na bado sijui nimkasirikie nani.

Usijigawie mkono wangu. Ulinidanganya, nami nilikudanganya; tumetoka tumbo moja. Kama ungeniambia ukweli wa dereva mapema, pengine ningekwenda tu. Mama alikuwa mama. Fanya mtihani wako. Usije, hutanikuta. Jaji wa kesi yenyewe naye hatanikuta.

Nilidhani barua inaishia hapo, lakini jana alikuja mtu.

Ni saa ya kutazama wagonjwa, mama mmoja amevaa kaniki na rozari shingoni anapita vitanda akitafuta. Akasimama kwangu. Raymundi akauliza yeye ni nani yangu. Akasema, "Mimi Benedikta, mke wa Lugembe." Raymundi akainuka amtoe. Nikamwambia mwache.

Akavuta kigoda akakaa. "Sikuja kukulaani," akasema. "Nitakulaani siku nyingine. Leo nina swali."

"Uliza."

"Daktari anasema mlikuwa na ugonjwa mmoja. Mimi hakuniambia. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minne, hakuniambia. Kila nikiuliza anasema ni lori la operesheni ya vijiji limemtikisa. Sina mwingine wa kumuuliza. Inauma vipi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilijiandaa kwa mate, hata kwa kisu. Nikamweleza. Nikamwambia inaanzia hapa, inakuwa nzito, huwezi kulalia kushoto kwa sababu kitu kinaning'inia. Nikamwambia harufu ya chakula inakufukuza jikoni. Nikamwambia maumivu yanapanda mpaka bega la kulia, na hakuna anayeamini kwamba bega linaumwa kwa sababu ya ini. Nikamwambia humwelezi mkeo, kwa sababu ukimweleza yeye itakuwa kweli.

"Bega," akasema.

"La kulia."

"Alikuwa ananiomba nimkande bega. Kila jioni. Nikamwambia ni uvivu, aende akamalizie paa la nyumba yangu kwanza." Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akaniuliza, "Na wewe linakuuma sasa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akainuka akapita upande wa pili wa kitanda. Akanikanda, Mwanne. Alinikanda bega kwa mikono miwili, kwa nguvu, kwa hasira, kucha zake zinaniingia, mbavu zangu zilizovunjika zikilia, na kila alipokandamiza alikuwa analitaja jina la mumewe. Lugembe. Lugembe. Raymundi aligeukia dirishani. Mimi niliuma shuka na sikumwambia aache.

Amesema kesho atarudi.

Kaka yako,
Mfaume